Anayelipwa wa Mwisho

Nina daftari la mistari ninalolifungua kila mwisho wa mwezi, na ukurasa wake hauna mpangilio mwingine. Mstari wa kwanza ni mafundi. Wa pili ni kodi ya karakana. Wa tatu ni muuza mbao, ambaye hunipa mzigo kwa mali kauli. Hufuata umeme, usafiri, rejesho la mkopo na kodi ya serikali. Chini kabisa, baada ya wote, lipo jina langu.

Mwezi wa nne tangu niache ajira nilifika kwenye mstari huo nikakuta fedha zimekwisha. Nilikata jina langu kwa kalamu, nikafunga daftari, nikazima taa. Fundi mmoja alikuwa bado mlangoni anavaa viatu. Akaniambia, "Ahsante mzee, Jumatatu tukijaaliwa," akaenda zake na ujira wake mfukoni. Hakuwa na kosa. Amefanya kazi, amelipwa. Mimi nami nilikuwa nimefanya kazi mwezi mzima, tena kwa saa nyingi kuliko zake.

Niliajiriwa miaka 11, na huu ni mwaka wa 9 tangu nijiajiri. Watu wakiniuliza maisha haya mawili yanatofautiana vipi, wengi huwa tayari wana jibu: wanataja uhuru, muda, utajiri. Kwangu mimi hayo ni matawi. Shina ni foleni ya malipo, yaani nani anachukua chake kwanza na nani anangoja kitakachobaki. Mwajiriwa yuko mbele ya foleni. Mjasiriamali yuko mwisho, na wakati mwingine akifika dirishani anakuta limefungwa. Karibu kila kinachotofautisha usingizi wao, ndoa zao, namna wanavyougua na namna wanavyozungumza na mteja kinaanzia hapo.

Wazo hili ni la kale. Richard Cantillon, mfanyabiashara mzaliwa wa Ayalandi aliyefanyia shughuli zake Ufaransa, aliliandikia kabla hajafa mwaka 1734, na andiko lake likachapwa mwaka 1755. Aliwagawa watu wanaoishi kwa kazi katika mafungu mawili: wenye ujira unaojulikana, na wasiojua watapata nini. Mfano wake ulikuwa mkulima aliyekodi shamba. Huyu ameshaahidi kumlipa mwenye ardhi kiasi kilichopangwa, na hajui mavuno yatakuwaje wala soko litampa bei gani. Mwaka 1921 mchumi wa Marekani, Frank Knight, akaongeza jambo ambalo mimi nililielewa kwa kulipitia. Alisema kuna hatari inayopimika, kama moto, ambayo bima inaweza kuipigia hesabu na kuibeba. Halafu kuna giza lisilopimika, la kutojua kama watu watakitaka unachotengeneza. Giza hilo hakuna kampuni ya bima inayolinunua. Lazima awepo mtu wa kulibeba, na faida, ikipatikana, ndiyo malipo yake ya kulibeba.

Kwa hiyo mshahara ni zaidi ya malipo ya kazi. Ndani yake mna bima. Mwajiri anamwambia mtu: niachie muda wako na ukubali nikuelekeze ndani ya mipaka tuliyokubaliana, na mimi nitakulipa hata mwezi ambao mauzo yameshuka. Mwajiriwa analipia bima hiyo kwa kuacha sehemu ya kile ambacho kazi yake ingeweza kuleta mwezi ambao mauzo yamepanda. Ni biashara halali kati ya watu wazima wawili, na ndiyo maana huwa naumia ninaposikia vijana wakiambiwa kwamba ajira ni utumwa. Wanaoyasema hayo mara nyingi wanauza semina. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Tena ajira kama tunavyoijua leo haikudondoka kutoka mbinguni. Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, ya ajali kazini mwaka 1884, na pensheni ya uzee mwaka 1889. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Likizo ya malipo, likizo ya uzazi, notisi kabla ya kuachishwa, kiinua mgongo: kila kimoja kilidaiwa na watu walioandamana na kugoma. Ukijiajiri unatoka nje ya nyumba hiyo yote. Sheria zake zimeandikwa zikimtazama mwajiri kama mbebaji wa mzigo, na siku unapofungua biashara, mwajiri ni wewe.

Janga la mwaka 2020 lilionyesha jambo hili hata katika nchi yenye uwezo. Uingereza ilitangaza Machi 20 kwamba serikali itagharamia asilimia 80 ya mishahara ya waajiriwa waliosimamishwa kwa muda, hadi kikomo fulani. Waliojiajiri walisubiri tangazo lao hadi Machi 26. Dirisha la maombi ya waajiri likafunguliwa Aprili 20, la waliojiajiri Mei 13. Nia njema ilikuwepo kwa wote. Ila mwajiriwa tayari alikuwa na karatasi ya mshahara inayosema anapata kiasi gani, na mtu aliyejiajiri ilibidi kwanza serikali itafute namna ya kujua yeye hupata nini. Hata mwenyewe, kwa mwezi husika, huenda hakujua.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye fedha, kwa sababu ndipo waliotoka kwenye ajira hukwama, na ndipo nilipokwama mimi.

Mwajiriwa anajifunza miaka nenda rudi kwamba kazi ikiisha, fedha huja. Kuna siku 30 katikati, basi. Akianza biashara anadhani fedha hufuata kazi vilevile. Chukua oda moja ya samani yenye thamani ya 100, fedha yoyote ile. Mbao, gundi, msasa na vanishi vinakula 45. Ujira wa mafundi 25. Usafiri na sehemu ya kodi ya karakana 10. Faida ni 20, na kwenye karatasi hiyo ni biashara nzuri. Sasa mteja ni taasisi kubwa, haitoi malipo ya awali, na inalipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Mbao umezilipia leo. Mafundi unawalipa kila Ijumaa. Maana yake umeikopesha taasisi hiyo 80, bila riba, kwa miezi zaidi ya miwili ukihesabu na siku za kutengeneza.

Halafu taasisi inafurahia kazi yako na kukupa oda mara tatu ya ile. Nyumbani wanashangilia. Lakini oda ya 300 inataka utoe 240 kabla hujaingiza kitu, na zile 80 za kwanza bado ziko kwao. Ukizijumlisha ni 320 zilizo nje, na mfukoni una faida ambayo bado ni maandishi. Niliwahi kupokea oda ya namna hiyo. Daftari la mauzo lilionyesha mwezi bora kuliko yote tangu nianze, na mwezi huohuo mwenye jengo alinipigia simu mara mbili kuulizia kodi. Biashara inaweza kufa kwa kukua. Mtu ambaye maisha yake yote amepokea mshahara huliona hilo kama fumbo, kwa sababu kwake kazi nyingi haijawahi kumaanisha fedha kidogo.

Ugonjwa wa pili wa fedha ni kula mtaji. Fedha za biashara ziko kwenye akaunti yenye jina lako, na mtoto anahitaji kitu leo. Hakuna mhasibu wa kukuuliza. Unachota kidogo, ukijiambia utarudisha. Mwajiriwa akitumia mshahara wake wote amemaliza cha mwezi huo. Mwezi ujao unakuja na chake. Mjasiriamali akivuka mstari huo anakula mbegu. Na kodi ya serikali ni mtego mwingine: kwa mwajiriwa hukatwa kabla fedha haijamfikia, hivyo haimtamanishi. Kwangu inakaa miezi kadhaa kwenye akaunti ikionekana kama yangu. Nilifungua akaunti ya pili kwa ajili hiyo tu, na kila malipo yakiingia nahamisha sehemu ya kodi siku hiyohiyo, kabla sijanywa hata maji.

Je, anayesubiri mwisho wa foleni angalau hupata zaidi? Wachache, ndiyo, tena sana, na hao ndio tunaowasikia. Mwaka 2000 mchumi Barton Hamilton alichapisha uchambuzi wa takwimu za Marekani uliotoa jibu chungu. Ukiwapanga wajasiriamali kwa mapato na kumtazama aliyesimama katikati, baada ya miaka 10 ya biashara alikuwa akipata pungufu kwa takriban asilimia 35 ya kile ambacho angekuwa anapata kwenye ajira kwa muda huohuo. Takwimu za serikali ya nchi hiyo nazo huonyesha sura ileile mwaka hadi mwaka: takriban biashara mpya moja kati ya 5 haimalizi mwaka wa kwanza, na karibu nusu zimefungwa ifikapo mwaka wa 5.

Sasa kwa nini watu wanabaki? Hamilton aliona kwamba wapo wanaokubali kupata kidogo ili wajiongoze wenyewe, na mimi namwamini kwa sababu ni mmoja wao. Lakini uhuru huo hauna sura inayopigwa picha. Haimaanishi kulala hadi saa nne. Uhuru nilioupata ni wa kukataa kazi ambayo najua itaharibika, kuchagua mbao nzuri wakati bosi wangu wa zamani angechagua za bei nafuu, kubadili umbo la kiti saa tano usiku kwa sababu mgongo wake haukunipendeza. Ni uhuru wa kuamua, na kila uamuzi unakuja na gharama yake ambayo hakuna wa kugawana naye.

Nililihisi hilo wiki ya kwanza. Mteja alisimama mbele ya kabati akaniuliza kama bei inapungua. Mdomo ukajibu wenyewe, "Ngoja niulize." Miaka 11 nilikuwa nimejibu hivyo. Akabaki ananitazama akisubiri nikaulize. Nikasimama pale mkono ukiwa juu ya kabati, nikaelewa kwamba sina pa kwenda. Maneno yale mawili, ngoja niulize, ni hifadhi kubwa aliyonayo mwajiriwa na wala haijui. Yanampa muda, yanampa mtu wa kulaumiwa, yanamruhusu kubaki mwema mbele ya mteja huku ubaya ukifanywa na ofisi.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu ni ukimya. Mwajiriwa akikosea huambiwa. Anaweza kuambiwa vibaya, mbele za watu, na bosi asiye na adabu, lakini anajua. Kuna tathmini, kuna onyo la maandishi, kuna uso wa msimamizi asubuhi. Mteja wa biashara yako hakuambii. Anashukuru, anachukua mzigo, na harudi. Nilimpoteza mteja aliyekuwa akinipa kazi kila baada ya miezi mitatu, na ilinichukua karibu mwaka kujua kwamba droo za meza niliyompelekea zilikuwa zinakwama msimu wa mvua. Mbao hazikuwa zimekauka vya kutosha. Laiti angekuwa bosi wangu, angenifokea siku ya pili, nami ningezirekebisha.

Kuhusu usalama, hapa waajiriwa nao hujidanganya. Mwajiriwa ana mteja mmoja tu. Mteja huyo anaitwa mwajiri, na siku akisema hakuhitaji tena, mapato yote yanakatika kwa barua moja, hata kama kazi yako ilikuwa safi. Mimi nina wateja kati ya 20 na 30 kwa mwaka. Akiondoka mmoja naumia, ila naendelea kupumua. Kupungua kwa biashara hunijia polepole na huweza kuonekana mapema, ukiwa na ujasiri wa kutazama. Tofauti ni kwamba mwajiriwa hajui siku wala saa, na ana kiinua mgongo cha kumpokea akianguka. Mimi nauona ufa unapoanza, na chini yangu hakuna godoro.

Na anguko lenyewe halina ukubwa mmoja. Kwa sheria, kampuni ni mtu mwingine. Mwaka 1897, katika kesi ya Salomon, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba madeni ya kampuni si madeni ya mwenye hisa, hata kama yeye ndiye mwenye karibu hisa zote, na nchi nyingi zilifuata msingi huo. Vitabuni inapendeza. Kwenye meza ya benki, ofisa anayekupa mkopo wa biashara ndogo atakuomba dhamana yako binafsi, na mara nyingi dhamana hiyo ni nyumba. Siku hiyo mke wangu aliombwa atie saini. Alisoma kurasa zote, polepole, bila kusema neno, akauliza swali moja: "Hiki chumba wanacholala watoto nacho kimo?" Kilikuwemo. Alitia saini. Sijawahi kusaini mkataba wowote wa ajira ambao ulimhitaji yeye.

Katikati ya maisha haya mawili kuna kundi linalozidi kukua, na ndilo linalonisumbua zaidi: watu wanaoitwa wajasiriamali huku wakiishi kama waajiriwa wasio na haki. Dereva anayepangiwa nauli na programu ya simu, asiyechagua abiria, anayefungiwa akaunti akipata alama mbaya, huku mafuta, matengenezo na siku za ugonjwa vikiwa juu yake. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber walioshtaki walikuwa wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba nauli ilipangwa na kampuni. Nadhani mahakama ilishika penyewe. Ukitaka kujua kama mtu amejiajiri kweli, muulize nani anapanga bei yake. Kukaa mwisho wa foleni kunavumilika ikiwa foleni umeipanga wewe. Kuwekwa mwisho na mtu mwingine, kisha kupewa jina zuri la ujasiriamali, ni dhuluma, na tunaposhangilia kila kijana "aliyejiajiri" bila kuuliza swali hilo tunaisaidia dhuluma hiyo kusonga mbele.

Kwa anayefikiria kuhama, nina ushauri mmoja tu, nao una ushahidi nyuma yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulichunguza waanzilishi wa kampuni nchini Marekani na kukuta kwamba zile zilizokua haraka kuliko zote, moja kati ya kila 1,000, waanzilishi wake walikuwa na wastani wa umri wa miaka 45 walipoanza. Waliokuwa wamefanya kazi kwenye sekta hiyohiyo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa. Ajira ni shule ambayo wewe ndiye unayelipwa. Kausha mbao za mwenzako kwanza, ujue zinavyopinda, kabla hujanunua zako.

Mwaka juzi fundi wangu mmoja, kijana hodari wa mikono, alinifuata baada ya kazi akaniambia anataka kwenda kuanzisha yake. Sikumzuia, wala sikumpa hotuba. Nilitoa daftari nikampa. Alifungua kurasa za miaka ya mwanzo, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Mzee, hapa hukulipwa?"

"Sikulipwa."

"Na mwezi uliofuata?"

"Nusu."

Aliendelea kufungua, kimya, hadi vumbi la mbao likaacha alama ya kidole chake karibu kila ukurasa. Akaomba akae nalo usiku mmoja. Alirudi nalo asubuhi na karatasi yake mwenyewe aliyoijaza hesabu, akasema atakaa miezi sita zaidi aweke akiba, kisha ataondoka. Alikaa saba. Siku ya kuondoka nilimpa mashine yangu ya zamani ya kuranda kwa mali kauli. Atanilipa kadiri anavyouza.

Wiki iliyopita nilipita kwake. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kupeleka mzigo, na daftari lake lilikuwa wazi juu ya meza. Jina langu, kwa ajili ya mashine, lilikuwa mstari wa tatu. Lake lilikuwa chini kabisa, na mbele yake alikuwa bado hajaandika kitu.